Kerneli ikigoma kukompailiwa: yanayosemwa na yalivyo kweli

Umeshusha msimbo wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo), ukaandika `make` ili kuukompaili, yaani kuugeuza kuwa programu, na sekunde chache baadaye teminali inakujibu `flex: not found`, kisha `Error 127`. Ushauri wa kwanza utakaoupata mara nyingi ni huu: "Faili lako limeharibika, shusha upya." Usipoteze bando lako. 127 ni namba ambayo shell (programu inayopokea amri zako kwenye teminali) huirudisha inapoitiwa amri isiyoipata. Msimbo ni mzima, kinachokosekana ni programu kwenye mashine yako.

"Mbona maelekezo ya zamani hayataji flex wala bison?" Hizi ni zana zinazozalisha msimbo wa kusoma na kuchanganua maandishi, na zamani kazi yao ilikuja imeshafanywa ndani ya kerneli yenyewe. Tangu toleo la 4.16, la mwaka 2018, kila anayekompaili huzihitaji ili kuzalisha msimbo unaosoma faili za Kconfig, zinazoorodhesha machaguo ya kerneli.

Wengine hushikilia kwamba gcc na make vinatosha. Havitoshi. Hata bc, kikokotoo cha kwenye teminali, hutumika kukokotoa viwango vya muda vya kerneli. Orodha kamili, pamoja na matoleo ya chini yanayokubalika, imo ndani ya msimbo uleule ulioushusha: `Documentation/process/changes.rst`. Isome kabla ya kuuliza popote.

Dhana inayosumbua watu kuliko zote ni kwamba jina linaloonekana kwenye kosa ndilo jina la pakiti. Ukiambiwa `gelf.h` (faili la .h, ambalo kompaila hulisoma pamoja na msimbo) haipo, hakuna pakiti ya jina hilo. Kwenye Debian na Ubuntu unasakinisha `libelf-dev`, kwenye Fedora `elfutils-libelf-devel`. `depmod`, zana inayoorodhesha utegemezi wa moduli za kerneli, imo ndani ya pakiti `kmod`. Na kosa la `openssl/opensslv.h` huwakera wengi, maana wakiandika `openssl version` wanajibiwa vizuri kabisa. Programu wanayo kweli, ila faili za .h zinazohitajika wakati wa kukompaili huja na `libssl-dev`, pakiti tofauti. Usibahatishe: `apt-file search gelf.h`, au `dnf provides '*/gelf.h'`, itakutajia pakiti yenyewe.

Halafu kuna wanaonakili mstari wa mwisho tu, `Error 2`, na kuomba msaada. Mstari huo hausemi lolote zaidi ya kwamba make imeshindwa. Ukitumia `make -j8` kazi nyingi huenda kwa pamoja, na kosa halisi husukumwa juu mbali. Rudia kwa `make` bila `-j`: itasimama palepale penye tatizo.

"Zima tu hilo chaguo kwenye .config." Sikubaliani na ushauri huu, wa kuzima kitu kwenye faili la mipangilio ya kerneli, unapotolewa kiholela. Ukizima `CONFIG_DEBUG_INFO_BTF` kwa sababu pahole (zana inayotengeneza BTF, maelezo ya aina za data za kerneli) haipo, kerneli itakamilika, lakini zana nyingi za BPF (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli) zinazotegemea BTF hazitafanya kazi. Sakinisha pahole. Ila `No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'` si kosa la zana: umenakili .config ya Ubuntu, nayo inataja faili la vyeti lisilokuwemo kwenye msimbo wa kernel.org. Hapo ni sahihi kuacha wazi `CONFIG_SYSTEM_TRUSTED_KEYS` na `CONFIG_SYSTEM_REVOCATION_KEYS`.

Na kwa watumiaji wa Debian: depmod ikidaiwa haipo ilhali kmod umesakinisha, angalia ulivyoingia kama root. `su` pekee haikuongezei `/usr/sbin` kwenye PATH, orodha ya saraka ambamo shell hutafuta amri. Tumia `su -`.