Homoni kwa mtoto aliyezaliwa na jinsia tata: dawa isiyosubiri

Mzazi anapofika kliniki na kichanga ambaye mkunga ameshindwa kusema ni wa kike au wa kiume, swali lake la kwanza huwa ni la jinsia, naye ana haki ya kuuliza. Lakini sisi tunaotibu magonjwa ya homoni hutanguliza jingine: je, mwili wa mtoto huyu unahifadhi chumvi?

Kwa watoto wenye kromosomu XX, yaani za kike, chanzo kikuu cha jinsia tata ni kasoro ya kurithi ya adrenali, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Kimeng'enya kiitwacho 21-haidroksilesi kinapopungua, tezi hushindwa kutengeneza kotizoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa, na mara nyingi aldosteroni pia, ile inayohifadhi chumvi, huku malighafi iliyokwama ikigeuzwa kuwa homoni za kiume, ambazo ndizo zilizokuza kinembe mtoto angali tumboni. Aldosteroni ikikosekana chumvi hutoka na mkojo, na katika wiki tatu za mwanzo mtoto hutapika, hukataa titi, hulegea, na anaweza kufariki watu wakidhani ni ugonjwa wa tumbo. Mvulana mwenye kasoro hiyohiyo yumo hatarini zaidi, kwa kuwa maumbile yake hayamshtui mtu.

Tiba ni kurudisha homoni zilizokosekana, maisha yote: haidrokotizoni badala ya kotizoli mara tatu kwa siku, fludrokotizoni badala ya aldosteroni, na chumvi kidogo kwa kipimo cha daktari katika mwaka wa kwanza. Kichanga huhitaji takriban miligramu 1 ya haidrokotizoni kwa mara moja, ilhali kidonge kilichopo ni cha miligramu 10, hivyo mama hufundishwa kukisaga katika mililita 10 za maji. Unga wake hautulii, huzama chini. Kwa hiyo akoroge, avute papo hapo mililita aliyoandikiwa kwa bomba lisilo na sindano, na kinachobaki akimwage.

Mtoto akipata homa, kipimo cha haidrokotizoni huzidishwa mara mbili au tatu. Akiitapika, apelekwe hospitali achomwe sindano ya dawa hiyohiyo bila kungoja asubuhi. Dawa isikatishwe ghafla hata siku moja, kwa sababu yoyote ile, hata kama mtoto anaonekana mzima.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wenye jinsia tata, na kila nikiitazama hesabu hiyo huwawazia watoto waliofariki wakiwa na wiki mbili bila kupewa hata jina la ugonjwa wao. Upasuaji wa maumbile waweza kungoja hadi mtoto mwenyewe aweze kusema analotaka. Haidrokotizoni huanza siku ileile ugonjwa unaposhukiwa, mara tu damu ya vipimo inapokwisha kuchukuliwa.