Swali la Mbunge kwa Waziri: Linavyoulizwa na Jinsi ya Kulisoma Jibu Lake

Swali la bungeni ni njia rasmi ambayo mbunge huitumia kuitaka Serikali ieleze, mbele ya Bunge zima, imefanya nini au itafanya nini kuhusu jambo fulani la umma. Msingi wake uko katika Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, inayosema kuwa Bunge laweza kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma ambayo yako katika wajibu wake. Maneno hayo ya mwisho huwaponyoka wananchi wengi, ingawa ndiyo yanayoamua kama swali litapata jibu la maana au litapigwa danadana.

Tuchukue korosho. Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea huliona zao lake kuwa jambo moja, lakini serikalini limegawanyika. Salfa (dawa ya kupulizia mikorosho) iliyochelewa kufika na malipo ya mnada yaliyokwama kwenye chama cha msingi cha ushirika ni mambo ya Wizara ya Kilimo. Ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje uko chini ya Wizara ya Fedha. Na meli kutia nanga Bandari ya Mtwara ili mzigo usisafirishwe kwa malori hadi Dar es Salaam ni suala la wizara yenye dhamana ya uchukuzi. Ndivyo ilivyo kwa barabara pia: barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kwa hiyo anayejibu ni waziri wa ujenzi, ilhali barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, na majibu yake hutoka TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mbunge anayelichanganya hilo hupoteza nafasi aliyoisubiri kwa muda mrefu.

Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi mapema, nalo huwa fupi na la jambo moja, bila hotuba. Wizara hulifanyia kazi, kisha siku ikifika, waziri au, mara nyingi zaidi, naibu wake husimama asubuhi na kulisoma jibu lililoandaliwa na wataalamu. Utamu, kwa maoni yangu, huanzia hapo, kwa sababu mwuliza swali ana haki ya kuongeza maswali mawili ya nyongeza, ambayo wizara haikuyaona kabla. Wabunge wengine nao huweza kuruhusiwa na Spika kuuliza moja moja. Mbunge mzoefu huacha kwa makusudi sehemu ngumu ya hoja yake ije kwenye nyongeza.

Jibu nalo lina lugha yake. Ikisemwa kwamba Serikali "inatambua umuhimu" wa daraja fulani, hapo hakuna kilichoahidiwa. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina" ni hatua halisi ya kitaalamu, ila ni hatua ya karatasi, na inaweza kumalizika bila greda hata moja kuonekana. "Kadiri ya upatikanaji wa fedha" maana yake ni kwamba fedha bado hazijapatikana. Jibu linalofaa kushikwa ni lile linalotaja mwaka wa fedha, kiasi kilichotengwa na hatua ya manunuzi iliyofikiwa. Kwa kuwa yote huingia kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, mbunge anaweza kurudi baadaye na kumsomea waziri maneno yake mwenyewe.

Barabara ya Mtwara–Nanyamba–Tandahimba–Newala–Masasi, yenye kilomita 210, inaonyesha vizuri jinsi swali la jimbo linavyogeuka kuwa la mkoa mzima. Lami ilitangulia kwenye kilomita 50 za kutoka Mtwara hadi Mnivata, na kilomita 160 zilizobaki zikawa zinasubiri. Barabara hiyo inapita majimbo kadhaa, hivyo mbunge mmoja akiianza, majirani zake wana kila sababu ya kusimama kwa nyongeza, na naibu waziri hujikuta akijibu kanda na si kijiji.

Wabunge wa viti maalum, ambao hawana jimbo, huulizia mkoa wao wote, jambo linalosaidia hasa pale mbunge wa jimbo anapokuwa ndani ya Baraza la Mawaziri, kwa kuwa waziri hasimami bungeni kumwuliza waziri mwenzake. Ruangwa, jimbo la mkoa wa Lindi, iliishi hali hiyo kuanzia Novemba 2015, mbunge wake Kassim Majaliwa alipokuwa Waziri Mkuu: kila Alhamisi ya maswali kwa Waziri Mkuu, ambayo huulizwa bila taarifa ya awali, yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa.