Kwa nini !important haiondoi rangi ya kisanduku kilichojazwa na kivinjari

Chrome ikijaza yenyewe jina au barua pepe kwenye fomu, kisanduku hugeuka samawati hafifu. Watengenezaji wengi wa tovuti huamini kuwa background-color (kanuni ya rangi ya mandharinyuma katika CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa tovuti) yenye !important (alama ya kuipa kanuni kipaumbele) itarudisha rangi yao. Ni dhana inayoeleweka, maana kwingine !important hushinda. Lakini kivinjari nacho kina kanuni zake zenye !important, na kwa utaratibu wa CSS hizo ndizo zenye kauli ya mwisho.

Kinachosaidia ni kuifunika rangi hiyo: chini ya :-webkit-autofill (kiteuzi cha visanduku vilivyojazwa na kivinjari) weka box-shadow pana ya inset, yaani kivuli cha ndani ya kisanduku, na -webkit-text-fill-color kwa rangi ya maandishi. Ni ujanja tu, ila unafanya kazi.

Kuhakiki, bonyeza F12 kufungua zana za watengenezaji, chagua kisanduku kilichojazwa, kisha tazama background-color iliyotumika hasa.