"Ndiyo dokta" si ridhaa

Mwezi wa saba hapa Mbeya baridi huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani, na kila mwaka hospitali hupokea walioungua. Miezi ikipita, baadhi yao hurudi kwangu kwa ajili ya kovu. Binti mmoja wa Uyole alikuja na kovu lililovimba kifuani, gumu, linamwasha usiku kucha. Harusi ilikuwa imebaki miezi minne. "Dokta, naomba ulikate tu."

Kukata keloidi, yaani kovu la aina hii linalovimba, si kazi ngumu. Ningeweza kumjibu "sawa, nitaliondoa" na nisiwe nimesema uongo hata neno moja. Ila ningekuwa nimemficha kwamba keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine mara nyingi hurudi. Tafiti zimetaja asilimia 45 na kuendelea, na inayorudi huweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Kifua na mabega ndiyo sehemu korofi zaidi, kwa kuwa ngozi yake huvutwa kila mtu anapojinyoosha. Tena kovu jipya huchukua mwaka au zaidi kutulia. Siku ya harusi lingekuwa bado bichi.

Nikamweleza pia sindano za steroidi zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki nne hivi. Zinauma. Hupunguza mwasho na uvimbe, lakini hazifuti kovu, na zinaweza kuacha ngozi nyembamba au yenye baka jeupe. Kabla binti hajafungua mdomo, mama yake akajibu: "Wewe ndiye daktari, fanya utakavyoona."

Kauli hiyo inanitisha. Huku kwetu mgonjwa humwitikia daktari kwa adabu, kama anavyomwitikia mkwe. "Ndiyo dokta" yake inaweza kuwa ameelewa, au anaona aibu kuuliza. Ndiyo maana siku hizi namwomba anisimulie mwenyewe nitamfanya nini na kipi kinaweza kuharibika. Akishindwa, mimi ndiye sikueleza vizuri, naanza upya.

Sikuwa hivyo tangu zamani. Nikiwa daktari kijana, katika hospitali moja, nilisainisha fomu za Kiingereza mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mgonjwa amelala kitandani na kanula, kamrija ka kupitishia dawa, iko mkononi. Nani angekataa akiwa pale? Saini zile nazijutia hadi leo.

Mwaka 2015, katika kesi ya mgonjwa aitwaye Montgomery, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mgonjwa aelezwe hatari ambayo mtu aliye katika hali yake angeijali, si ile tu ambayo daktari anaiona kubwa. Kwa binti huyu, jambo hilo lilikuwa tarehe ya harusi. Nisingeuliza, nisingejua.

Kwa msimamo huo huo, wanaotaka kuongezewa makalio kwa mafuta yao wenyewe huwa nawaambia mapema kwamba siifanyi kazi hiyo. Mwaka 2017 jopo la wapasuaji lilikadiria kuwa vifo vyake vingeweza kufikia 1 kati ya 3,000, hasa mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa na kufika mapafuni. Kwa upasuaji ninaoufanya, niulizeni nimefanya mara ngapi, na mnidai picha za matokeo mabaya pia. Ninazo.

Binti wa Uyole alichagua sindano. Harusini alivaa gauni lililofunga hadi shingoni. Kovu limeshuka kiasi, bado linaonekana, na usiku sasa analala.