Mtindi ni chakula, si dawa ya kisukari

Kwenye magrupu ya familia hapa Mombasa ujumbe huu haufi: kunywa glasi ya mtindi kila asubuhi, bakteria wazuri watatuliza inflamesheni (hali ya mwili kujihami kana kwamba umejeruhiwa), kisukari cha aina ya pili kitapona, dawa utupe.

Ukweli umo, ila kidogo. Kisukari hiki huandamana na inflamesheni ya chini kwa chini, isiyouma, inayochangia mwili kutoitikia vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Tafiti kadhaa zimeona probayotiki, yaani hao bakteria wazuri, zikishusha sukari kidogo. Nyingine hazikuona tofauti. Kushusha kidogo si kuponya.

Mkanganyiko huanzia mezani. Mtu anaacha mahamri na chai ya sukari, anashika mtindi, anapima kidole, namba imeshuka. Sifa zote kwa mtindi. Mahamri hata hayatajwi!

Ukitaka kuhakikisha, omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Na ule mtindi wa ladha ya stroberi, geuza pakiti usome gramu za sukari. Mtindi mtupu, usiotiwa sukari, kunywa ukipenda, lakini dawa usiache bila daktari. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.