Bunju, ganzi na milango ya neva

Asubuhi moja kwenye soko la samaki la Deep Sea, Tanga, kijana alikuwa akichambua nyavu. Akamtupa pembeni bunju, tumbo limejaa upepo kama puto, meno nje. Mzee mmoja akamwambia amfukie, paka wasije wakafa. Nikaropoka kwamba najua sumu ile inavyoua, basi maswali yakanimiminikia.

Sumu yenyewe iko wapi?

Zaidi kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi. Inaitwa tetrodotoksini, na chanzo chake ni bakteria. Chemsha, kaanga, banika, kamulia ndimu: iko palepale.

Inafanya nini mwilini?

Inaziba milango ya neva. Seli ya neva imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Nje ya utando kuna majimaji yenye sodiamu nyingi, chumvichumvi kama bahari. Ndani imejaa potasiamu. Kati ya ndani na nje kuna tofauti ya umeme ya milivolti 70 hivi, upande wa ndani ukiwa hasi. Chumvi haipenyi mafuta, kwa hiyo utando umetobolewa na protini ambazo ndizo milango yenyewe. Wataalamu huiita mifereji ya ioni.

Ukikanyaga mwiba, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu inaingia kwa kasi na umeme wa pale unageuka. Mlango wa jirani unahisi badiliko hilo, nao unafunguka, kisha unaofuata, hadi habari inafika kwenye uti wa mgongo. Nyuma yake milango ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, utando unatulia. Kwa sehemu moja ya neva, shughuli hiyo huchukua kama sehemu moja au mbili kati ya elfu za sekunde.

Sumu ya bunju hukaa kwenye mdomo wa mlango wa sodiamu, upande wa nje, kama kizibo cha chupa. Habari inakwama hapo.

Nani aliyaona hayo?

Mwanzoni hakuna aliyeona mlango. Walipima umeme tu. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walitumia ngisi, maana ana neva nene inayokaribia milimita moja, unaweza kuingiza waya ndani yake. (Sisi ngisi tunamkaanga na pilipili.) Walichapisha hesabu zao mwaka 1952, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Mwaka 1964 Toshio Narahashi, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, na wenzake walijaribu sumu ya bunju kwenye neva ya kambakoche. Sodiamu ikakatika, potasiamu ikaendelea kupita kama kawaida. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio tamu kuliko yote: sumu ya samaki ikasaidia kuonyesha kwamba njia hizo ni mbili, kila moja na yake. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann, huko Ujerumani, wakafanikiwa kupima umeme wa mlango mmoja peke yake.

Mbona bunju mwenyewe hafi?

Milango yake ina umbo tofauti kidogo, kizibo hakikai.

Ganzi ya kung'olea jino ni sumu hiyohiyo?

La, ila mlango ni uleule. Lidokaini, dawa hiyo ya ganzi, hupenya utando na kuziba kwa ndani, tena pale ilipodungwa, na baada ya muda huachia. Sumu ya bunju husambaa na damu mwili mzima.

Mtu akishakula?

Midomo na ulimi hufa ganzi, mara nyingi ndani ya saa moja. Hufuata kutapika, vidole kuchonyota, miguu kulegea, kisha misuli ya kupumulia. Msingoje afikie huko. Maziwa na tui haviondoi kizibo, na aliyelegea anaweza kupaliwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Pumzi ikikata, mpulizieni mdomoni njia nzima. Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo. Mashine humpumulia mpaka mwili uitoe, na wengi wanaovuka saa 24 hupona.

Hata akiwa hawezi kufumbua jicho, huenda anasikia kila neno, kwa hiyo msianze kumlilia kwenye bajaji. Na mabaki ya samaki yatieni kwenye mfuko, daktari ayaone.