Si kila jani la manjano ni kutu

Hapa Bukavu, kitunguu saumu kikianza kugeuka manjano kwenye parseli, haikosi mtu wa kupita na kusema: "Kimeshika kutu." Neno hilo hutajwa juu ya vitunguu vyenye kiu, vilivyokosa mbolea, hata vilivyooza mizizi. Kosa la mwisho ndilo linaloniuma, kwa maana linaweza kumharibia mtu udongo wake kwa miaka mingi.

Kutu ni kuvu ya majani, kitaalamu Puccinia allii. Inatoa vipele vidogo vya rangi ya chungwa. Ukivipapasa, unga wake unabaki kidoleni. Unga huo ndio unaobebwa na upepo kwenda mmea mwingine, hasa wakati wa ubaridi na unyevunyevu. Vichwa vinaweza kubaki vidogo, lakini vinalika. Kata majani yaliyougua mapema, acha nafasi hewa ipite, usizidishe mbolea, na msimu ujao panda mahali pengine. Kuvu hii inahitaji mmea hai, ikiukosa, haidumu.

Uozo mweupe, yaani ule ugonjwa unaoozesha mizizi, ni jambo lingine kabisa. Kuvu yake, Stromatinia cepivora, inaishi udongoni. Majani ya chini ndiyo yanayotangulia kuwa manjano na kunyauka, bila unga wowote. Ukivuta mmea unang'oka bila ubishi, maana mizizi imekwisha. Kwenye kitako utaona nyuzi nyeupe, na katikati yake vitone vyeusi visivyozidi kichwa cha pini.

Vitone hivyo ndivyo vya kuogopa. Vinaweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi, vimelala, vikingoja. Kinachoviamsha ni mizizi ya jamii ya vitunguu, kwa zile kemikali za salfa zinazotoka humo, ndugu za harufu tunayoijua jikoni. Maharage hayaviamshi, wala lengalenga, wala sombe. Hizo panda kwa amani. Lakini kitunguu cha kawaida na puaro vinaviamsha sawasawa na saumu. Kwa hiyo kupumzisha shamba miaka miwili mitatu, ambako kunatosha kwa kutu, hapa hakusaidii. Na kupuliza dawa kwenye majani ni kumwaga pesa: ugonjwa uko chini.

Tena mji wetu ni wa miteremko. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua inashusha udongo kutoka parseli ya juu hadi ya chini, na vitone vinashuka nao. Vinasafiri pia kwenye jembe, kwenye buti, na kwenye punje za mbegu zilizotoka kwa kichwa kigonjwa. Ndiyo sababu mmea wenye uozo mweupe unang'olewa pamoja na udongo unaouzunguka, unatiwa mfukoni bila kumwagika, kisha unachomwa. Usiutupe kwenye lundo la mboji, wala kwenye mtaro unaoelekea kwa jirani. Jembe nalo lioshwe palepale, kabla halijahamia tuta lingine.

Basi, jirani akisema kutu, mwombe kwa upole apapase jani. Kidole kikitoka kisafi, ng'oeni mmea mmoja, mtazame kitako kwanza, ndipo mwupe ugonjwa jina.